Damu ya Gemu kwenye Tangi la Maji

Alhamisi, 23 Oktoba. Asubuhi kulikuwa na mawingu upande wa ziwa, yakatawanyika kabla ya saa nne, jua likabaki peke yake. Vumbi limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya maji kwenye beseni.

Leo kikao cha maji cha mtaa wetu, huku pembezoni mwa Misunkumilo, kilikaa kuamua kama mama anayetunza tangi anyang'anywe funguo. Naandika kabla sijasahau nani alisema nini, maana nina tabia ya kuyakumbuka maneno yangu yakiwa mazuri kuliko yalivyokuwa. Shule yangu ni darasa la saba. Kazi yangu ni kuandika mabango kwa brashi. Nikikosea mahali humu, nimekosea kwa kutojua, si kwa kutaka kumpendelea mtu.

Mama mwenyewe ni mjane, amezaliwa makazi ya Katumba, wazazi wake walitoka Burundi. Anayeshika funguo za tangi ndiye anayepewa kibanda kando ya bomba, na kwenye kibanda hicho anauza mboga. Mboga hizo zinamlisha yeye na mama yake mzazi ambaye haoni vizuri. Akinyang'anywa funguo, anatoka na kwenye kibanda. Hilo kila mtu alilijua wakati anakwenda kukaa kikaoni.

Tangi letu ni jeusi, la plastiki, limepandishwa juu ya mnara wa matofali. Pampu yake ni ya jua. Fundi bomba aliyelifunga aliweka boya ndani, akalifunga kamba, kamba ikapita juu ya kapi na kushuka nje ya mnara, na kwenye ncha yake linaning'inia kopo lenye mchanga. Maji yakipanda, boya linapanda, kopo linashuka. Maji yakiisha, kopo linakuwa juu kabisa. Yaani mambo ni kinyume. Asiyeambiwa ataona kopo juu na kudhani tangi limejaa. Ndiyo maana mwezi wa sita mwenyekiti aliniita nichore alama ukutani, nyuma ya kopo, ili mtu akitazama toka nyumbani kwake ajue kama kuna haja ya kubeba ndoo.

Aliniambia nisitumie maneno, kwa sababu wapo wasiosoma, na wanaosoma hawatatembea hadi mnarani kusoma kwamba maji hakuna. Sikufikiri sana. Nikachora damu.

Nieleze damu ni nini. Miaka ile najifunza brashi kwa fundi mmoja wa mjini, kulikuwa na banda la gemu Kawajense, chumba kimoja, mabenchi matatu, televisheni mbili za kichogo. Gemu tuliyoipenda ilikuwa ya kupigana. Juu ya kioo, kila mpiganaji alikuwa na mstari mnene uliolala. Ukipigwa, mstari unapungua. Hatukujua Kiingereza kilichoandikwa pale, tukauita damu. "Damu yako imebaki kidogo, kimbia!" Ukiwa mzima mstari ni wa kijani, ukichoka unakuwa njano, ukikaribia kufa unakuwa mwekundu. Hakuna aliyetufundisha. Tulielewa siku ya kwanza, na mtu akiniuliza leo nitasema ule ndio mchoro ulioeleweka haraka kuliko mchoro wowote niliowahi kuuona.

Mwenye banda, mtu wa Karema aliyekuja mjini na mashine zake mbili kwenye sanduku, alitaka ukuta wa nje uchorwe ufanane na kioo. Fundi wangu alitazama herufi za kwenye gemu akakataa. "Herufi zina meno kama msumeno," alisema. "Mimi siandiki meno." Kazi akaniachia mimi.

Nikakaa karibu na kioo siku tatu, wenzangu wanacheza, mimi nanakili. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Sisi waandika mabango, tukitaka kukuza picha ndogo iwe kubwa ukutani, tunaipiga miraba. Unachukua uzi, unaupaka unga wa mkaa, wawili mnashika ncha, mmoja anauvuta katikati na kuuachia, tap, unaacha mstari mweusi ukutani. Unapiga ya kwenda chini na ya kwenda pembeni, halafu unajaza mraba mmoja mmoja. Miraba ni siri yetu. Kazi ikiisha tunaifuta kwa kitambaa, mteja asijue. Herufi za gemu zilikuwa miraba isiyofutwa. Nilihesabu: minane kwenda chini, minane kwenda pembeni, na ndani ya hiyo lazima herufi ieleweke. Mwanzo nilidhani mashine inajiandikia yenyewe. Halafu nikaona herufi moja imenyimwa mraba kwenye mguu wa kulia ili isigusane na jirani yake, na nikajua kuna mtu alikaa akalifikiria hilo. Mashine haiwezi kuwa na huruma ya namna hiyo kwa herufi.

Simjui alikuwa nani. Lakini niliona alikuwa amesoma kwenye vitu vilevile tulivyosoma sisi. Jina la gemu lilikuwa limepindwa upinde kama kwenye lebo ya chupa. Herufi zilikuwa na kivuli cheusi nyuma, kama cha bango la duka, ili zisomeke hata nyuma yake kukiwa na anga, moto au ukuta. Gemu ya mpira ubao wake wa magoli ulifanana na wa mpira unaoonyeshwa kwenye televisheni, na ya magari ilikuwa na saa za duara kama za mbele ya dereva wa lori. Alichukua mabango ya mtaani kwao akayaingiza kwenye kioo, na mimi nikayatoa kwenye kioo nikayarudisha ukutani. Ukuta ule ulinipa wateja wangu wa kwanza. Sijui kama nina haki ya kuuita kazi yangu.

Basi, miaka imepita, mwezi wa sita nikapaka mnara. Chini, kopo linaposhukia tangi likijaa, kijani. Katikati njano. Juu nyekundu. Mwenyekiti alisimama mbali, akatazama, akasema, "Safi, fundi." Hakuniuliza maana yake na mimi sikumweleza. Nilifikiri haina haja.

Malalamiko yalianza mwezi wa nane, kiangazi kilipokaza. Tangi lilikuwa linafurika saa tano asubuhi, maji yanamwagika, kando ya kibanda matope. Jioni linatokea kundi, foleni, matusi, ndoo kugongana, na jua likizama tangi kavu. Walioonekana wakichota kwa raha asubuhi walikuwa majirani zake yule mama, wengi wao watu wa makazi kama yeye, pamoja na vijana wachache. Watu waliona wanachokiona. Wakaanza kusema, "Anawachotea wa kwao maji yakiwa mengi, sisi tunagawiwa matope." Jumamosi iliyopita nyumba yenye msiba ilituma watu na ndoo jioni, wakakuta kopo juu kabisa kwenye nyekundu. Maji ya msiba yakaombwa mtaa wa pili. Hilo ni aibu, na aibu inatafuta mtu wa kuibeba.

Jumapili baada ya misa tulikaa wanaume kama saba kwenye benchi nje ya mashine ya kusaga. Likazungumzwa. Mmoja akanigeukia, "Fundi, wewe unasemaje?" Nikasema, "Labda kuna ukweli." Maneno matatu. Sikuwa na ushahidi wowote. Niliyasema kwa sababu nilikuwa nimeulizwa.

Jumatatu nilirudi mchana toka kuandika bango la saluni, nikakuta ndoo zetu zote tupu, mke wangu anachambua mchele.

"Mbona hakuna maji?"

"Tangi bado."

"Bado nini? Nimepita pale sasa hivi. Kopo liko chini kabisa, kwenye kijani."

"Si ndiyo nakwambia. Bado kijani."

"Mama watoto, kijani maana yake limejaa."

"Nani kasema?"

"Mimi ndiye niliyechora!"

"Ulichora, hukusema." Akapuliza pumba. "Mpunga ukiwa kijani, wewe unatia mundu?"

"Hapana."

"Ukiwa njano?"

"Ndiyo."

"Ukiuacha mpaka uwe mwekundu umeanguka chini?"

"Nimechelewa."

"Haya. Ndivyo tunavyochota."

Mke wangu ni wa Mpimbwe. Baba yake analima mpunga, babu yake alilima mpunga, na nusu ya mtaa wetu ni watu waliotoka huko au waliooa huko. Nilimuuliza ni nani wengine wanaosoma hivyo. Akataja nyumba, nikahesabu vidole vyote vya mikono, nikaacha.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Kitu kilikuwa kinaeleweka."

Miezi minne nimeishi na mtu anayelisoma bango langu kinyume, na tumekula naye chakula kilichopikwa kwa maji hayo. Nyekundu ndiyo iliyotufichia hilo. Kwangu nyekundu ni kwisha, kwake nyekundu ni kuchelewa, na wote wawili tukiiona hatubebi ndoo. Kwa hiyo hakuna siku tuliyogongana.

Sikulala nikiwa na uhakika. Nilijiambia huenda natafuta kosa langu ili nijione muhimu, wakati mama kweli anapendelea. Mtu anaweza hata kujivunia makosa. Jumanne nikaenda Kawajense. Banda lipo bado, limehamia chumba cha jirani, ukuta wangu umeshapakwa chokaa. Mwenye banda amezeeka. Siku hizi anachaji simu na ana gemu mpya kwenye televisheni bapa, lakini mashine moja ya zamani ameifunika kitambaa juu ya kabati.

"Wewe! Mvi zote hizo unakuja kugombania pedi ya gemu?"

"Nimekuja kutazama tu, mzee."

"Kutazama ni kwa wasio na chenji. Kaa. Unatafuta nini?"

"Natafuta nilipokosea."

"Umekuja mbali. Nyumbani kwako makosa hayapo?"

Alicheka, lakini aliishusha mashine, akaifuta vumbi, akaifunga kwenye televisheni ya kichogo aliyokuwa anataka kuitupa. Ikawaka. Nikawaona wapiganaji wetu, wadogo kuliko nilivyowakumbuka. Nikamwomba acheze yeye, mimi nitazame juu tu, kwenye damu.

Kati ya zile mbili za zamani, hii ndiyo iliyoharibika rangi. Kila kitu ni kijani, kama unatazama kupitia chupa. Nilikuwa nimesahau. Tulicheza juu yake miaka miwili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza damu yake imebaki kiasi gani. Tulisoma urefu. Nikaangalia vizuri zaidi. Mstari ule ulikuwa na fremu nyeupe, ili uone si kilichobaki tu bali na kilichokwenda. Kando yake kulikuwa na uso mdogo wa mpiganaji, na uso ulikunjamana alipochoka. Karibu na kufa mstari ulipepesa. Kwenye gemu nyingine hakukuwa na mstari kabisa, kulikuwa na mioyo mitano, na kila ukiumia mmoja unaondoka na nafasi yake inabaki tupu. Yule mchoraji hakuiamini rangi. Labda alijua televisheni zingine hazina rangi, au labda na kwao kulikuwa na watu wa mpunga, sijui. Alisema jambo moja mara tatu kwa njia tatu, ili ukikosa moja upate nyingine. Mimi nilichukua rangi peke yake, kwa sababu ndiyo iliyonipendeza, nikaacha yote yaliyokuwa yanaibeba.

Leo, basi, kikao. Tulikaa kivulini mwa mnara. Yule mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, funguo mapajani, kamba yake ameizungusha kidoleni. Mwenyekiti alisoma malalamiko. Akamwambia ajibu.

"Nafungua saa moja kila siku," alisema. "Anayekuja namchotea. Asiyekuja, nimfuate kitandani na ndoo yake?"

"Mbona wa kwenu wanakuja asubuhi?" aliuliza mama mmoja wa upande wa msiba.

"Kwa sababu asubuhi maji yapo, dada."

"Na sisi nani katwambia yapo?"

Hapo mwenyekiti alitaka kupiga kura. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimepanga maneno vizuri njiani, yote yakapotea. Nikasema kosa ni la ukuta, na ukuta ni wangu. Nikaeleza kijani nilichokikusudia. Nikaeleza mke wangu anavyokisoma. Watu walitazama mnara, wakanitazama mimi, wakatazama mnara tena kama umewekwa leo.

Mzee mmoja wa mpunga, amevaa kofia ya sweta na joto lote hili, alisema, "Kijani ni bado. Hilo linahitaji kikao?"

"Sasa ulilitoa wapi la kwako, fundi?" aliuliza mwenyekiti.

"Kwenye gemu."

Kicheko kilichotoka pale sikukipenda, ila kilikuwa cha haki. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Kumbe miezi minne tunacheza gemu na hatuna habari!"

"Na tumekufa wote," akajibu mwenzake.

Mwenyekiti alinyamazisha watu. Akasema wanaokwenda kuchota kopo likiwa kwenye kijani wanyooshe mikono. Wakanyoosha majirani wa yule mama, ambao walisema walimuuliza siku ya kwanza naye akawaeleza, na vijana waliokulia kwenye gemu. Akasema wanaosubiri njano. Wakanyoosha karibu wote waliobaki. Mwenyekiti mwenyewe alianza kunyoosha, akaushusha mkono na kujikuna shingo.

Niandike na hili, ingawa halinipendezi. Yule mama wa msiba alisema, "Hata hivyo, siku moja nilimwona ameficha ndoo mbili kibandani wakati sisi tumekosa."

"Ni kweli," mama wa tangi akasema. "Zilikuwa za mama yangu. Hawezi kukaa foleni."

Wengine waliguna. Nadhani alisema kweli, lakini kudhani kwangu nimeshakuona thamani yake Jumapili. Siwezi kuandika kwamba hana kosa lolote. Naweza kuandika kwamba kosa aliloitiwa kikao halikuwa lake.

Wakaamua abaki na funguo mpaka mvua zikianza, ndoo za mama yake zitajwe wazi ili kila mtu azijue, na mimi nifute mnara leo leo. Watu walipotawanyika alinijia, anapangusa vumbi kwenye gauni.

"Jumapili ulisema labda kuna ukweli. Niliambiwa."

"Ni kweli, nilisema."

"Haya." Akaenda kufungua bomba.

Mchana nimepaka chokaa ya rangi ya kijivu juu ya rangi zangu. Ilipokauka nikapiga miraba kwa uzi wa mkaa, mke wangu ameshika ncha ya chini. Safari hii nachora ndoo. Chini kabisa ndoo nne zilizojaa, juu yake tatu, halafu mbili, halafu moja. Juu kabisa nilichora ndoo moja iliyopinduliwa, maana yake hakuna maji. Mke wangu akatikisa kichwa.

"Ndoo iliyopinduliwa ni ndoo iliyooshwa. Nyumba hiyo ina maji ya kutosha mpaka ya kuoshea ndoo."

Nikakumbuka mioyo. Nikaifuta, pale juu nikapaacha patupu. Nikamwita mzee wa kofia ya sweta aliyekuwa anapita, nikamwonyesha kopo bila kusema neno. Alitazama, akahesabu kwa midomo. "Zimebaki mbili," akasema. "Ngoja nikamwambie binti aje." Akaenda. Miraba sijaifuta. Kesho nitajaza rangi, ila nadhani mistari nitaiacha ionekane, watu wajue ukuta umepimwa.

Leo ndoo zetu zilikuwa zimejaa kabla ya saa tisa. Jioni tumekula wali na dagaa wa Karema, na mchicha ambao mke wangu ameununua kwenye kibanda kando ya bomba.